Bawabu wa Vipimo

Usiku wa jana niliota nimeajiriwa kuwa bawabu wa mlango usio na nyumba.

Mlango wenyewe ulisimama katikati ya shamba la chai, umefungwa, na pande zake zote mbili kulikuwa na chai ileile. Mtu angeweza kuuzunguka bila hata kuinua pindo la suruali. Hakuna aliyeuzunguka, nami nikaona ni utaratibu mzuri.

Kabla sijaendelea, niseme kazi yangu nikiwa macho, kwa sababu ndoto hii haikutoka hewani. Naitwa Lwitiko, naishi Mbeya mjini, natengeneza programu za kompyuta. Wiki hii nilikuwa na kazi ya kikundi kimoja cha akina mama kule Tukuyu, wanaototolesha vifaranga kwa mashine. Ndani ya mashine nimewawekea kidude kinachopima joto la mayai. Kidude kinatuma namba kwenye mtandao. Programu yangu imekaa hapo inasikiliza tu, na ikisikia namba imebisha hodi, inaipokea na kuipeleka kwenye ghala, ambalo huhifadhi kila namba pamoja na saa yake. Kutoka ghalani inachorwa grafu, na grafu inaonekana kwenye simu ya mwenyekiti. Joto likishuka kupita kiasi, meseji inakwenda kwa mwangalizi wa mashine ili akayaokoe mayai. Ni hayo tu, wala si uchawi.

Tatizo ni kwamba grafu ilikuwa tupu tangu siku tuliyofunga kidude. Mwenyekiti, Bibi Tusekile, alishajiamulia kwamba Mama Subilaga, ambaye ndiye mwangalizi, anachomoa kidude ili achomeke redio yake. Kikao kilipangwa asubuhi ya leo, anyang'anywe ufunguo wa chumba cha mashine mbele ya wenzake. Mama Subilaga alinipigia jana akilia. Alisema redio yake inatumia betri.

Kutwa nzima nilitafuta kosa. Nilikagua mlango wa kuingilia namba, ukawa mzima. Nilikagua njia ya kwenda ghalani, ikawa nzima. Kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa grafu na mimi. Nikalala nimenuna.

Sasa turudi shambani.

"Umechelewa," Mlango ukaniambia. Ulikuwa na sauti ya mwalimu wa zamu.

"Samahani. Kazi yangu ni ipi?"

"Kusikiliza."

"Nani?"

"Atakayebisha. Asiyebisha usimsikilize hata akipiga kelele."

Juu ya Mlango kulikuwa na saa ya ukutani, ingawa ukuta haukuwepo. Saa ile haikuwa na namba. Ilikuwa na mshale mmoja na neno moja, SASA, na mshale ulikuwa umeganda hapo. Jua lilikuwa linachungulia juu ya chai. Nilipewa kigoda, nikakaa.

Wa kwanza kuja alikuwa mwanamke aliyelowa chapachapa, anapita katikati ya miche ya chai.

"Hodi," akasema. "Mimi ni Unyevu, natoka Tukuyu, ndani ya mashine."

"Mwambie hakuna kitu hapa," Mlango ukaninong'oneza. "Amekuja kwa njia isiyo yake."

"Hakuna kitu hapa," nikamwambia.

"Lakini mimi nakuona. Umekaa kwenye kigoda."

"Mimi sikuoni, dada. Pita ile njia iliyoandikwa ANDIKA."

Njia ya ANDIKA ilikuwa pembeni yake tu, hata mbuzi angeirukia. Akahamia pale, akabisha tena, nami nikamwona vizuri kabisa. Hapo nikagundua ni kichwa kitupu kinachoelea, na chini ya shingo hakuna chochote.

"Kichwa umekuja nacho. Mwili uko wapi?"

"Nimeuacha, nilidhani hautahitajika."

"Ombi lenye kichwa bila mwili halipokelewi," nikasema, na nilishangaa jinsi nilivyolijua hilo. Akaenda kuuchukua. Aliporudi akiwa kamili, alitaja jina lake, anakotoka, kiasi chake na saa yake, kila kimoja kwa mpangilio, halafu akasimama akiningoja.

Nikafungua mdomo nimkaribishe. Mlango ukanibana kidole.

"Mgeni akipokelewa hajibiwi kitu. Jibu la heri hapa ni kunyamaza."

Nikanyamaza. Unyevu akafurahi sana, akaingia, akakaa kwenye benchi lililokuwa upande wa pili. Nilikuwa na shangazi aliyekuwa akipokea wageni vilevile, ila kwa huyo haikuwa heri.

Halafu anakuja Joto.

Ni mtu mfupi, mnene, ana viganja vyekundu, amevaa sweta la manjano. Anabisha kwa adabu. Nampa mkono, unaniunguza kidogo.

"Jina?"

"Joto."

"Unatoka wapi?"

"Tukuyu, ndani ya mashine, trei ya juu."

"Una kiasi gani?"

"Thelathini na saba nukta tano. Ndivyo mayai yanavyotaka."

"Saa?"

"Saa sita usiku."

Natazama jua. Linanitazama. Nanyamaza, naye anaingia.

Nyuma yake anakuja Joto mwingine, ndugu yake bila shaka, ila sweta lake linampwaya. Thelathini na saba kasoro kidogo, saa sita usiku na dakika tano. Anayefuata amekonda zaidi, thelathini na sita nukta mbili, anapuliza viganja vyake. Nilipomwuliza kulikoni nyumbani akasema, "Kuna baridi, kaka. Mashine imenyamaza. Sisi tunatoka mmoja mmoja kuja kusema." Saa yake ilikuwa bado ya usiku.

Mayai yale yalikuwa yamebakiza muda mfupi tu yaanguliwe. Yakipoa kabisa, vifaranga wanafia ndani, na Mama Subilaga atakuwa amepoteza ufunguo, heshima na usingizi kwa pamoja.

Benchi lilipojaa watu wanne, wote waliinuka bila kuambiwa wakaanza kutembea. Nikawafuata. Mlango ulipinga, lakini mlango hauna miguu.

Ghala lilikuwa jongoo.

Alikuwa amelala kwenye bonde zima, kichwa kiko huku, mkia umepotelea milimani. Kila mguu wake ulikuwa dakika moja. Chini ya kila mguu walisimama watu wa dakika hiyo, wametulia, wanatazama mbele. Nilipita wenye joto la juzi, nikapita mvua ya mwaka jana. Hakuna aliyesukumana.

"Shikamoo, Ghala," nikasema.

"Marahaba. Leta."

Jongoo akawatazama wageni wangu, akasoma saa zao, akawapeleka kwa upole nyuma, nyuma kabisa, kwenye miguu ya saa sita usiku.

"Mzee, hawa ndiyo kwanza wamefika."

"Wamesema ni wa saa sita usiku."

"Jua si hilo limetoka?"

"Mimi sikatai mtu wala sibishani na mtu. Akisema ni wa saa sita, namweka saa sita. Ningekuwa naanza kubishana, miguu hii yote ingetembeaje?"

Nilipogeuka, bonde lilikuwa chumba cha mikutano cha Tukuyu, chenye viti vya plastiki. Jongoo alikuwa bado amelala pale, amejikunja chini ya meza kuu. Hakuna aliyeona ajabu, kwa hiyo sikutaka kuwa mimi.

Kwenye meza kuu alikaa Bibi Tusekile, amejifunga kitenge chake cha vikao. Kando yake alikaa mtu mwenye jicho moja lililobandikwa karibu sana na kichwa cha Jongoo. Mbele yao alisimama Mama Subilaga, ufunguo mkononi. Alikuwa amevaa kandambili, nami nilimwonea huruma. Viti vingine vyote vilikaliwa na mayai.

"Bwana Mchoro," Bibi Tusekile akamwambia yule wa jicho moja, "unaona nini?"

"Sioni kitu, Mwenyekiti."

"Umetazama wapi?"

"Saa moja iliyopita. Niliajiriwa kutazama saa moja iliyopita, sikuajiriwa kugeuza shingo."

"Mmesikia," Bibi Tusekile akayaambia mayai. "Kidude kimechomolewa. Subilaga, lete ufunguo."

Yai moja lililokaa mstari wa mbele likanyoosha mkono. Usiniulize ulitoka wapi.

"Mwenyekiti, hoja. Tunasikia baridi."

"Hoja hiyo haijafika mezani," Bibi Tusekile akasema. "Hapa mezani hakuna baridi yoyote. Mchoro, kuna baridi?"

"Hakuna baridi wala joto."

"Basi kaa chini."

Yai likakaa. Lilikuwa linatetemeka, nami nilisikia ndani yake kitu kikijikunyata. Nikakimbilia ukutani, ambapo Kengele, mtuma meseji, alikuwa amelala akikoroma, nikamtikisa.

"Amka! Mayai yanapoa!"

Akafumbua jicho. "Nimeagizwa niamke akifika mtu wa sasa aliye chini ya thelathini na sita."

Dirishani alikuwa amesimama Joto mwingine, mwembamba, sweta limefika magotini. Nikamvuta ndani. "Huyu hapa. Sema kiasi chako."

"Thelathini na tano nukta tisa," akasema kwa aibu.

"Saa?" Kengele akauliza.

"Saa sita na nusu usiku."

"Huyo ni wa zamani," Kengele akasema, akalala tena.

"Alikuwa wa sasa alipotoka kwao!" nikapiga kelele. Mayai yote yakageuka kunitazama. Yule Joto mdogo alianza kulia, machozi yake yakawa ya uvuguvugu tu.

Nikachuchumaa mbele yake. "Mdogo wangu, saa hiyo nani kakupa?"

"Mama," akasema, akamwonyesha Mama Subilaga. "Asubuhi ile tulipowashwa, kidude kilimwuliza ni saa ngapi. Mama akatazama saa yake ya mkononi, akaandika mbili."

Mama Subilaga akainua uso. "Ilikuwa saa mbili, baba. Wewe mwenyewe ulikuwa kwenye simu, ukaniambia, mama, weka saa ya sasa. Jua limeshatoka, watoto wameshakwenda shule, chai nimeshakunywa. Saa mbili asubuhi. Kuna mtu hapa anasema haikuwa saa mbili?"

Mayai yakasema kwa pamoja kwamba ilikuwa saa mbili.

Nami najua ilikuwa saa mbili. Ila kidude kile kilitengenezwa nchi ambayo siku inaanza katikati ya usiku, na saa mbili yetu ya asubuhi kwao ni nane. Alipoandika mbili, kidude kilidhani ni usiku wa manane, kikaanza kuhesabu kutoka hapo kwa uaminifu wake wote. Kila namba iliyokuja mlangoni kwangu ilikuwa imechelewa kwa saa sita kabla haijatoka nyumbani. Zote zilikuwa zimefika. Zimepangwa vizuri ghalani, mahali ambapo Mchoro hageuzi shingo.

Nikalieleza hilo mbele ya kikao.

"Hao watu," Mama Subilaga akauliza hatimaye, "wanaanza kuhesabu siku kila mtu akiwa amelala?"

"Ndiyo, mama."

"Nani anashuhudia?"

Sikujua nani anashuhudia. Bibi Tusekile naye alionekana kulifikiria jambo hilo, lakini mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa kudai ufunguo. "Maneno mazuri, fundi," akasema. "Mezani bado hakuna kitu."

Nikatoka mbio. Nje ya chumba kulikuwa na shamba la chai, na Mlango wangu umesimama palepale.

"Kuanzia sasa wageni hatuwaulizi saa," nikauambia. "Tutawagonga muhuri wa saa waliyofika."

"Sheria ikibadilishwa, lazima nifungwe nifunguliwe upya."

"Basi fungwa."

"Nikifungwa, waliokaa kwenye benchi wanapotea. Na watakaobisha hawatasikika."

Kwenye benchi hakukuwa na mtu. Kule mwisho wa njia ya ANDIKA nilimwona Joto mwingine anakuja anachechemea, amekonda kuliko wote. Nikaufunga Mlango kabla sijaanza kuogopa, kisha nikausukuma ufunguke. Haukufunguka.

"Fungua!"

"Nasoma maelekezo yako," ukasema. Ulikuwa unasoma taratibu, herufi kwa herufi. "Mstari wa mwisho una nafasi iliyo wazi isiyotakiwa."

"Nafasi ipi?"

"Hapo uliposimama."

Nikasogea. Mlango ukafunguka. Yule Joto akaanguka mikononi mwangu, baridi kama mtoto aliyetoka kuoga mtoni. Thelathini na tano nukta moja. Alianza kutaja saa yake, nikamziba mdomo, nikamgonga muhuri kwenye paji la uso: SASA. Akashtuka, akajitazama mikono, kama vile hajawahi kuwa hai mpaka hapo. Nyuma yake alikuja Unyevu, kichwa na mwili, na Joto wa trei ya chini. Nikawagonga wote. Wakakaa kwenye benchi.

"Nendeni!" nikasema.

Hawakwenda. "Tunangoja tutimie wanne," Unyevu akasema. "Benchi haliondoki pungufu."

Nilitazama njia ya ANDIKA. Ilikuwa tupu mpaka mwisho. Huenda kidude nacho kilikuwa kimeanza kuganda. Kutoka chumba cha mikutano nilisikia sauti ya Bibi Tusekile ikisema, "Subilaga, mara ya mwisho," na kilio cha mayai kikipungua.

Nikazunguka, nikaja kwa njia ya ANDIKA, nikabisha.

"Jina?" Mlango ukauliza, sauti ya mwalimu wa zamu ileile.

"Lwitiko."

"Unatoka wapi?"

"Mbeya, kitandani."

"Una kiasi gani?"

Hilo sikulijua. Yule Joto aliyekonda akaniwekea mkono kwapani, akafikiri kidogo. "Thelathini na sita nukta sita," akasema. "Si vibaya kwa mtu asiye na mashine."

Nikajigonga muhuri mwenyewe. Uliuma. Mlango haukunijibu kitu, na sijawahi kufurahia ukimya wa mtu kiasi kile.

Tukainuka wanne. Tukatembea kimya mpaka kwa Jongoo, naye akasoma mapaji yetu, akanyanyua mguu wa mbele kabisa, ule ulio karibu na kichwa, akatuweka chini yake. Mguu wa Jongoo ni mwepesi, unatekenya. Juu yetu niliona jicho kubwa la Bwana Mchoro likipepesa.

"Mwenyekiti," akasema, "kuna kitu."

Kisha Kengele akaamka, akalia kwa nguvu zake zote, nami nikaamka.

Simu ndiyo iliyokuwa inalia. Nje kulikuwa kumeshakucha. Kompyuta ilikuwa mezani, imezimwa, imefunikwa na koti langu kama nilivyoiacha. Aliyepiga alikuwa Mama Subilaga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ile meseji yako imeniamsha," akasema akihema. "Imeandika joto limeshuka. Nimekimbia na kanga tu, nimekuta mashine imezima, plagi imelegea kwenye soketi. Nimeirudisha, nimewasha jiko la mkaa, nimefungua dirisha hewa ya mkaa itoke, mayai nimeyafunika kwa mablanketi yangu yote. Sasa yamepata joto. Mengine vifaranga wameshaanza kuyadonoa, baba. Wanalia humo ndani. Ngoja usikilize."

Akasogeza simu. Nilisikia sauti ndogo nyingi, kali, zenye hasira ya kuchelewa kutoka. Nikalia na mimi, sina sababu ya kuficha.

"Ndaga fijo," akasema. "Asante sana. Bibi Tusekile yupo hapa, alikuja mapema kuchukua ufunguo. Grafu imemjia kwenye simu, mstari unashuka halafu unapanda. Ameutazama weee, kisha akaniambia ufunguo nikae nao. Lakini ana swali, nampa aongee."

Sikuwa nimebadilisha chochote kwenye ile programu. Nilitaka kumwambia hivyo, ila Bibi Tusekile alishapokea simu.

"Fundi."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Chini ya mstari wetu hapa kuna kidoti kimoja kiko peke yake. Kimeandikwa Lwitiko, Mbeya, kitandani. Thelathini na sita nukta sita. Hilo nalo ni yai letu?"

Nikajigusa paji la uso, pale nilipojigonga muhuri.

"Nauliza kwa sababu limepoa kidogo," akaendelea. "Subilaga anasema blanketi limebaki moja. Alifunike?"

"Hapana, Bibi," nikasema. "Hilo nitalifunika mwenyewe."

Nikavuta blanketi mpaka kidevuni.